Kiatu Kinachochaguliwa na Udongo: Safari ya Mkimbiaji Kutoka Kaaga

Mbio za vijia ni mbio zinazokimbiwa nje ya lami, katika njia za miguu, barabara za murram, misitu na miinuko ya milima. Hutofautiana na mbio za nyika, ambazo kwa kawaida huzungushwa katika uwanja mmoja uliotayarishwa na hazizidi kilomita 12 hivi, kwa kuwa mbio za vijia huikata nchi kama ilivyo, pamoja na mawe, mizizi, vijito na matope yake, kwa umbali unaoweza kufika kilomita 100 na zaidi. Umbali huo ukipita kilomita 42.195 za marathoni, mbio huitwa ultramarathoni, na mkimbiaji huwa njiani tangu alfajiri hadi jioni, pengine hadi usiku, akipiga hatua zipatazo 1,000 katika kila kilomita. Katika hali hiyo kiatu si pambo wala alama ya hadhi. Ndicho chombo pekee kilicho kati ya mwili na ardhi, na kosa dogo la kukichagua, ambalo katika kilomita tano lisingehisiwa, hurudiwa mara makumi elfu mpaka likawa jeraha.

Kaaga, kitongoji kilicho kilomita chache kutoka katikati ya mji wa Meru, ni mahali panapofaa mno kuchunguzia jambo hili. Mji wenyewe umekaa kwenye miteremko ya kaskazini-mashariki ya Mlima Kenya, mita 1,500 na ushei juu ya usawa wa bahari, karibu sana na mstari wa Ikweta unaopita kusini yake. Wamisionari wa Kimethodisti walifungua kituo chao Kaaga katika muongo wa pili wa karne ya 20, na kutokana na kazi hiyo eneo hili likawa la shule, likijulikana leo kwa shule zake za upili na kwa Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Kenya, kilichopewa hati yake rasmi mwaka 2006. Mkimbiaji anayeondoka hapa asubuhi hukanyaga lami kwa dakika chache, kisha murram iliyoshindiliwa na magari, kisha vijia vya udongo mwekundu vinavyopita kati ya migomba na mikahawa, na asipochoka mapema anaweza kuufikia Msitu wa Imenti, wenye mizizi mikubwa na kivuli kisichokauka. Akipanda gari, siku hiyohiyo anaweza kufika ama kwenye lango la mlima upande wa Chogoria ama kwenye nyanda kavu za Lewa. Ni nadra nchi ndogo kiasi hiki kukusanya aina nyingi hivi za ardhi.

Methali husema mchagua jembe si mkulima, na wapo wanaoitumia kumkemea mkimbiaji anayesumbukia viatu ilhali wenzake wako njiani tayari. Methali hiyo ni ya kweli inapomlenga mvivu anayetafuta kisingizio cha kutolima. Lakini mkulima hodari wa Meru huwa na jembe bapa la kupalilia na jembe la meno la kuvunjia ardhi ngumu, na hashiki lolote kati ya hayo kabla ya kulitazama shamba. Kwa hakika si yeye anayechagua, bali udongo ndio unaomchagulia. Ndivyo ilivyo kwa kiatu cha mbio ndefu za vijia: mwamuzi wa kwanza ni ardhi, wa pili ni wayo wa mtu mwenyewe, na jina la kampuni lililochapwa ubavuni huja nyuma kabisa. Msafiri anayetaka kulithibitisha hilo hana budi kuzifuata ardhi zenyewe, moja baada ya nyingine, kutoka Embu hadi Lewa, akiifanya Kaaga kituo chake cha kuondokea na kurejea.

Ardhi ya kwanza ni mteremko, na mahali pa kuujua mteremko ni njia ya kutoka Embu kwenda Meru. Barabara kuu inayopita Runyenjes, Chuka, Chogoria na Nkubu huivuka mito inayotelemka kutoka Mlima Kenya kuelekea Tana, ikiwemo Thuci, Nithi, Mutonga na Thingithu, na kila mto umejichimbia bonde lake, hivi kwamba nchi yote imekaa kama mbavu za ng'ombe aliyelala, kila kilima kikifuatwa na korongo na kila korongo likifuatwa na kilima kingine. Abiria wa matatu huyajua mabonde hayo kwa mlio wa gia. Anayekimbia vijia vya mashambani vilivyo sambamba na barabara huyajua kwa mapaja yake. Si ajabu kwamba Chuo cha Ualimu cha St. Mark's Kigari, kilichoko kwenye miinuko ya Embu, kilikuwa kwa miaka mingi kambi ya timu ya taifa ya mbio za nyika ilipojiandaa kwa mashindano ya dunia, katika enzi ambayo wanaume wa Kenya walitwaa taji la timu mara 18 mfululizo, kuanzia 1986 hadi 2003, na John Ngugi na Paul Tergat wakashinda kila mmoja mataji matano ya mtu binafsi.

Wengi hudhani kwamba kupanda ndiko kunakoumiza, kwa sababu kupanda hukata pumzi, lakini majeraha mengi ya mbio ndefu hutokana na kuteremka. Mkimbiaji anaposhuka kuelekea mtoni, misuli ya mbele ya paja hukaza huku inarefushwa, kazi inayozichana nyuzi zake kidogo kidogo, na kila hatua hutua kwa nguvu inayozidi uzito wa mwili mara mbili hadi tatu. Papo hapo wayo husukumwa mbele ndani ya kiatu mpaka vidole vikagonga ncha, na baada ya mabonde matano au sita damu huvia chini ya kucha, ukucha ukawa mweusi na hatimaye ukang'oka. Kwa hiyo anayekimbia nchi ya Embu na Meru huhitaji kiatu chenye nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, chenye chumba cha vidole kisichobana pande zote mbili, na chenye kikombe cha kisigino, yaani ule ukuta mgumu wa nyuma, kinachoshika sawasawa. Kamba nazo zina kazi yake: kuzipitisha katika matundu ya juu kabisa, yale yaliyo karibu na kifundo cha mguu, na kufanya kitanzi kila upande kabla ya kufunga, hukizuia kisigino kisiinuke na wayo usiteleze mbele, na jambo hilo lisilogharimu senti huokoa kucha nyingi.

Mteremko mwingine umo ndani ya kiatu chenyewe. Katika viatu vingi vya kukimbilia kisigino huinuliwa juu zaidi kuliko sehemu ya mbele, na tofauti ya vimo hivyo viwili hupimwa kwa milimita: wapo watengenezaji wanaoifanya sifuri, ili wayo ukae kama ulivyo chini, na wapo wanaoifikisha 10 au 12. Kisigino kilichoinuliwa huipunguzia mzigo kano ya Achilles, ile kamba nene inayounganisha shavu la mguu na kisigino, lakini huongeza kazi ya goti. Kisigino kilicholala chini hufanya kinyume chake. Kwa hiyo swali la maana si kipimo kipi ni bora kwa watu wote, bali ni sehemu ipi ya mguu wa mtu huyu iliyozoea kubeba kazi. Aliyevaa viatu vya kisigino kilichoinuliwa miaka yote, akahamia ghafla kwenye kiatu cha sifuri na kupanda nacho vilima vya Embu, huitaka kano yake ifanye kwa wiki moja kazi iliyohitaji miezi ya mazoea.

Suala la mazoea limechunguzwa hapa hapa Kenya. Mwezi Januari 2010 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Daniel Lieberman na wenzake, ambao baadhi ya watu waliopimwa walikuwa wakimbiaji wa Bonde la Ufa waliokua wakikimbia bila viatu. Ulionyesha kwamba wakimbiaji wa namna hiyo mara nyingi hutanguliza sehemu ya mbele ya wayo, na kwa njia hiyo huepuka kishindo kinachompata anayetua kwa kisigino. Wapo waliohitimisha haraka kwamba viatu ni adui wa mkimbiaji. Miaka mitatu baadaye, utafiti mwingine uliofanywa kaskazini mwa Kenya miongoni mwa Wadaasanach, ambao nao hutembea bila viatu, ulikuta kwamba katika mwendo wa kawaida wa masafa marefu asilimia 72 yao walitua kwa kisigino. Tafiti hizo mbili zikisomwa pamoja hufundisha kwamba wayo wa mwanadamu hauna njia moja tu ya kutua, bali hufuata kasi, ardhi na malezi yake.

Ushahidi wa namna hiyo hutoka mbali pia. Wararámuri wa milima ya Chihuahua nchini Mexico wamekuwa wakikimbia masafa marefu kwa ndala zilizokatwa kutoka kwenye tairi kuukuu, viatu ambavyo Mkenya yeyote angeviita akala bila kusita, na mwaka 1993 mzee wao, Victoriano Churro, alishinda mbio za maili 100 za Leadville katika jimbo la Colorado, Marekani, mbele ya wakimbiaji waliovaa viatu vya kisasa. Ushindi huo haumwamuru mwanafunzi wa Kaaga avue raba zake, kwa kuwa Churro hakushinda kwa akala peke yake. Alishinda kwa miguu iliyolelewa na akala katika milima ya kwao. Benno Nigg wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, aliyechunguza viatu kwa miongo kadhaa, alipendekeza pamoja na wenzake mwaka 2015 kwamba kigezo cha kuaminiwa zaidi katika kuchagua ni starehe, yaani mwili kuhisi umetulia ndani ya kiatu, kwa sababu mwili una njia yake ya kwenda na hukipendelea kiatu kisichoipinga. Pendekezo hilo humrudishia mnunuzi mamlaka ambayo matangazo humnyang'anya: hapo dukani shahidi wa kwanza ni wayo wake mwenyewe.

Ardhi ya pili ni udongo mwekundu. Miteremko ya Mlima Kenya upande wa Embu na Meru imefunikwa na udongo wenye kina kirefu uliotokana na miamba ya volkano, wenye chembe laini za mfinyanzi na rutuba inayolisha chai, kahawa na migomba. Mvua za masika, kati ya Machi na Mei, na mvua za vuli, kati ya Oktoba na Desemba, ambazo upande huu wa mlima hunyesha kwa wingi sana, huugeuza udongo huo kuwa kitu cha kuteleza kama sabuni na kunata kama ugali. Wenye bodaboda hulijua hilo, na wachumaji wa chai huenda shambani wakiwa wamevaa buti za mpira. Hapa sehemu ya kiatu inayoulizwa ni soli ya nje, yaani mpira unaogusa ardhi, na hasa meno yake, vile vinundu vilivyochongwa ili vizame udongoni na kushika.

Meno ya soli yana historia yenye huzuni. Mwaka 1935 wapanda milima sita, marafiki wa Mwitaliano Vitale Bramani, walikufa katika milima ya Alps baada ya kukumbwa na hali mbaya ya hewa, na buti zao zisizofaa zilihesabiwa kuwa sehemu ya sababu. Bramani alijitosa kutafuta soli ya mpira iliyo na meno makubwa, akaikamilisha mwaka 1937, na jina la kampuni yake, Vibram, likaundwa kutokana na jina lake mwenyewe. Kanuni iliyofuatwa tangu hapo si ngumu kuieleza: meno marefu, ya milimita tano au sita na zaidi, huufikia udongo mgumu ulio chini ya utelezi; meno yaliyoelekezwa mbele husaidia kupanda, na yaliyogeuzwa nyuma kwenye kisigino hufanya kazi ya breki wakati wa kushuka. Hata hivyo urefu peke yake hautoshi katika udongo wa Kaaga, kwani meno yaliyosongamana huushika mfinyanzi na kutouachia, mpaka soli ikawa bamba moja la udongo lisilo na jino lolote, na kiatu cha bei kubwa kikateleza kama tairi lililopata kipara. Kwa ardhi hii nafasi kati ya meno ni muhimu kama meno yenyewe, kwa sababu ndiyo inayouruhusu udongo kudondoka mguu unapokunjuka.

Udongo unaonata huleta hesabu nyingine ambayo mizani ya dukani haiwezi kuionyesha. Mwaka 2016 Wouter Hoogkamer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Colorado walificha vipande vya risasi ndani ya viatu vya wakimbiaji bila kuwaambia, wakakuta kwamba kila gramu 100 zinazoongezwa katika kila kiatu huongeza nishati inayotumika kwa asilimia moja na kidogo. Katika kilomita 50, ambazo ni kama hatua 50,000, gramu 100 zinazoinuliwa kila hatua hujumlika kuwa tani tano. Basi mnunuzi anayetafuta kiatu chepesi ana haki ya kufanya hivyo, lakini kiatu cha gramu 250 kinachobeba matope ya gramu 200 kila baada ya shamba la migomba ni kizito kuliko kiatu cha gramu 320 kinachojisafisha chenyewe. Uzito wa kweli wa kiatu ni ule kinaoubeba kikiwa katikati ya safari, mwezi wa Novemba, baada ya mvua.

Ardhi ya tatu ni msitu. Msitu wa Imenti, wenye Ziwa Nkunga lililotuama katika shimo la volkano na linaloheshimiwa na Wameru kama mahali patakatifu, ni makao ya ndovu, na kwa sababu hiyo mkimbiaji mwenye busara huingia humo kwa idhini ya wasimamizi na kwa kuongozwa na mtu anayezijua njia. Uchunguzi wa angani uliochapishwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori mwaka 1999 ulionyesha jinsi ukataji miti ulivyokuwa umeujeruhi msitu huu, na mahali popote miti inapoondolewa maji ya mvua huichimba njia na kuianika mizizi. Juu ya mzizi uliolowa, meno ya kiatu hayana la kufanya, kwani hayawezi kuzama katika mti; linalobaki kumshika mkimbiaji ni aina ya mpira tu. Mpira laini hukamata mti na jiwe lililolowa vizuri zaidi, lakini huisha upesi kwenye murram. Mpira mgumu hudumu, lakini hauaminiki penye maji. Anayekimbilia zaidi msituni na mlimani hukubali gharama ya mpira laini, na anayekimbilia zaidi barabarani huchagua ule mgumu na kupunguza mwendo anapoingia kivulini.

Msitu huuliza pia swali la maji. Kuna viatu vilivyowekewa ndani utando usiopitisha maji, ambao huruhusu mvuke wa jasho kutoka na kuyazuia matone ya mvua kuingia, na huwavutia wanunuzi wengi wa nchi za mvua. Katika nchi ya vijito, hata hivyo, maji hayaingii kupitia kitambaa bali kupitia tundu la mguu, na yakishaingia utando uleule uliowekwa kuyazuia huyafungia ndani. Wayo uliolowa kwa saa sita huwa laini kama wa mfuaji nguo, ngozi ikasuguana na soksi, na malengelenge yakaota. Kwa vijia vya Meru, ambavyo huvuka mto au mfereji kila baada ya muda mfupi, kitambaa cha wavu kinachoingiza maji na kuyatoa baada ya hatua mia moja kinafaa zaidi kuliko kinga isiyokamilika, ilimradi soksi ziwe za nyuzi zisizoshika maji kama pamba inavyoyashika.

Ardhi ya nne ni jiwe, na mahali pake ni mlima wenyewe. Njia ya Chogoria hupanda kupitia msitu na mianzi hadi lango la hifadhi, lililo karibu mita 2,950 juu ya usawa wa bahari, kisha hukata nyanda za majani na kupita juu ya bonde lenye Ziwa Michaelson kabla ya kufika Lenana, kilele cha mita 4,985. Vilele viwili vinavyokizidi, Batian chenye mita 5,199 na Nelion chenye mita 5,188, ni vya wapandaji wa kamba. Kupanda Lenana ni kazi ya siku kadhaa kwa asiyezoea hewa nyembamba, lakini hata anayekimbia sehemu za chini za njia hiyo hukutana na kokoto zinazoporomoka na mawe yenye makali. Hapa kuna mambo mawili ya kutazama. La kwanza ni bamba la kinga, utepe mwembamba na mgumu unaowekwa ndani ya soli ili ncha ya jiwe isiuchome wayo, ambao thamani yake haionekani katika saa ya kwanza bali katika saa ya saba, nyayo zinapokuwa zimechoka kusema. La pili ni ncha ya kiatu iliyofunikwa kwa mpira, kwa kuwa mkimbiaji aliyechoka hainui miguu kama alivyoinua asubuhi, na kila jiwe lililojitokeza hukutana na vidole.

Juu ya bamba hilo kuna soli ya kati, ile sponji ya povu la plastiki inayomeza kishindo. Sponji nene hupunguza uchovu wa masafa marefu, na katika mbio za barabarani hamu ya kuirefusha ilifika mahali ambapo shirika la riadha la dunia lilipitisha mwaka 2020 kwamba isizidi milimita 40. Kwenye kijia, kikwazo hutoka kwa ardhi yenyewe: kadiri wayo unavyoinuliwa kutoka chini, ndivyo jiwe dogo lililokanyagwa upande mmoja linavyopata nguvu ya kukipindua kifundo cha mguu, na ndivyo wayo unavyopoteza uwezo wa kuhisi kilicho chini yake. Baridi nayo huligandisha povu, hivyo sponji iliyokuwa laini mchana mjini Meru huweza kuwa ngumu alfajiri kwenye lango la mlima. Kwa hiyo unene wa wastani, wenye kitako kipana, humfaa mkimbiaji wa mlimani kuliko unene unaomfurahisha akiwa amesimama dukani.

Ardhi ya tano huonekana mtu anapoushuka mlima upande wa kaskazini, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Meru, ambako mvua hupungua, migomba hukoma na nyasi za nyanda huanza. Hapo, ndani ya Kaunti ya Meru, ipo Hifadhi ya Lewa, ambayo tangu mwaka 2000 huandaa kila mwezi Juni mbio za marathoni na nusu marathoni katika barabara za vumbi, kwenye kimo kinachokaribia mita 1,700, huku askari wa wanyamapori na helikopta wakichunga njia isikatizwe na faru au simba. Nchi hii, pamoja na Msitu wa Ngare Ndare, iliongezwa mwaka 2013 katika eneo la Mlima Kenya linalotambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia. Murram kavu na iliyoshindiliwa haina haja ya meno marefu. Meno ya namna hiyo, yasipopata pa kuzama, humsukuma mkimbiaji kutoka chini kama kokoto, hupinda, na huisha haraka. Kiatu cha ardhi hii kina meno mafupi ya milimita mbili au tatu, mapana na yaliyokaribiana, sponji ya kutosha kwa ugumu wa barabara, na wavu uliosukwa kwa nyuzi za karibukaribu ili vumbi lisijae ndani na kuwa msasa kati ya ngozi na soksi.

Msafiri anaporejea Meru akiwa ameziona ardhi zote hizo, ndipo anapokuwa tayari kwenda sokoni. Wakimbiaji wengi wa Kenya hununua viatu vya mitumba, kutoka Gikomba jijini Nairobi hadi Gakoromone mjini Meru, na hakuna aibu yoyote katika hilo, ilimradi mnunuzi ajue kwamba uso wa kiatu unaweza kung'arishwa lakini povu haliwezi kufufuliwa. Kiatu cha kukimbilia kwa kawaida hutumika kilomita 500 hadi 800 kabla ya sponji yake kufa, na hata kisichovaliwa huzeeka kwa miaka. Kukibonyeza kwa kidole gumba na kuona kama kinarudi, kutazama ubavuni kama kuna mikunjo ya kudumu, kukiweka juu ya meza tambarare na kukitazama kwa nyuma kama kimeegemea upande mmoja, na kukunja ncha ili kuona kama gundi imeachia, ni vipimo vinne visivyohitaji chombo chochote. Kiatu kilichoegemea upande mmoja kilikwisha kujifunza mwendo wa mtu mwingine, na kitajaribu kumfundisha mnunuzi mwendo huo.

Kiatu kiwe kipya au cha mtumba, kupimwa kwake kuna adabu zake. Nyayo huvimba kadiri siku inavyosonga na kadiri mbio zinavyorefuka, kwa hiyo wakati mzuri wa kupima ni alasiri, baada ya kutwa ya kusimama na kutembea, mtu akiwa na soksi zilezile za mbio. Viatu vyote viwili huvaliwa, kwa kuwa ni watu wachache wenye nyayo zinazolingana kabisa, na saizi hufuata wayo mkubwa. Namba iliyoandikwa ndani haiaminiki kutoka kampuni moja hadi nyingine. Kisha mnunuzi aombe kuteremka ngazi au kilima, maana kiatu kilichokaa vizuri mahali tambarare huweza kuonyesha ubaya wake mara tu vidole vinapoanza kwenda mbele. Mbio ndefu hazikimbiwi kwa kiatu kisichozoewa. Wiki kadhaa za mazoezi katika vijia vya nyumbani ndizo zinazothibitisha alichokisema mwili siku ya kwanza.

Linabaki swali gumu kuliko yote, ambalo humkabili kila mtu asiye na fedha za kununua jozi mbili: njia moja ikiwa na ardhi tatu, kiatu kimoja kitii ipi? Wengi huhesabu kilomita na kuchagua ardhi iliyo nyingi. Hesabu hiyo inaonekana ya haki, lakini haitofautishi usumbufu na hatari. Chukua njia inayotoka Kaaga yenye kilomita 30 za murram na kilomita tano za msitu uliolowa. Kiatu cha meno ya wastani kitamchelewesha mkimbiaji dakika chache kwenye murram na kuisha mapema kidogo. Kiatu cha barabarani kitampa dakika hizo, kisha kwenye mzizi mmoja wa mteremko kitamvunja mkono. Ni busara kwanza kuuliza ni wapi kosa litaumiza zaidi, kukivisha mguu kwa ajili ya mahali hapo, na kuzivumilia kilomita nyingine.

Mkulima wa miteremko ya Kaaga aliye na jembe moja tu hulijua jibu hilo pasipo kufundishwa. Akilazimika kubaki na moja, hubaki na la meno, kwa sababu kwalo anaweza kupalilia, japo polepole na kwa taabu, lakini jembe bapa halitaivunja ardhi iliyogoma, hata akililaumu mpaka jua lizame.